Motokaa ya Porini
Mkaaji wa Umoja, Nairobi, atafutaye motokaa ya kuwindia, yampasa kwanza ajue ya kuwa Kenya ilipiga uwindaji marufuku mwaka 1977. Bunduki na iachwe. Safari ya kutazama wanyama yatosha. Basi achague motokaa ivutayo kwa magurudumu yote manne, yenye gia za chini, iliyoinuka juu ya ardhi. Wengi hutazama nguvu ya injini tu, na huko ndiko kupotea: katika udongo mweusi wakati wa masika, uzito ndio uzamishao. Land Rover ya 1948 ilijengwa bodi ya alumini, nyepesi, isiyoliwa na kutu. Lakini fremu yake ni ya chuma. Anunuaye kuukuu na alale chini yake aikague kabla ya kutoa fedha.