Sahani kwa mwendesha baiskeli, gunia kwa mwenye njaa

Katika jimbo la Iowa, katikati ya Marekani, wiki ya mwisho ya mwezi Julai ni wiki ya baiskeli na masufuria. Maelfu ya watu huondoka kwenye ukingo wa Mto Missouri, upande wa magharibi, baada ya kuchovya gurudumu la nyuma majini. Siku saba baadaye hufika Mto Mississippi, upande wa mashariki, na kuchovya la mbele. Njia hubadilishwa kila mwaka, lakini kwa wastani ni takriban kilomita 750. Msafara huo, unaofahamika kwa kifupi kama RAGBRAI, ulianzishwa mwaka 1973 na waandishi wawili wa gazeti la Des Moines Register, John Karras na Donald Kaul. Mwaka huo walijitokeza watu wapatao 300, na waliomaliza njia yote walikuwa 114, akiwamo mzee wa miaka 83.

Wanaopaswa kutazamwa zaidi na mkulima na mfanyabiashara mdogo ni wale wanaosimama kando ya njia. Katika miji midogo ambayo msafara unapita, akina mama wa makanisa huoka pai, vikosi vya zimamoto vya kujitolea hukaanga chapati za maji alfajiri, na vijana wa vikundi vya kilimo huchemsha mahindi mabichi. Jioni, kumbi za makanisa hugeuka mabwalo ya tambi. Wapishi hao hawalipwi. Fedha inayopatikana hukarabati paa la kanisa, hununua vifaa vya zimamoto, au huingia kwenye maghala ya chakula cha wahitaji.

Iowa inaongoza Marekani nzima kwa mahindi, nguruwe na mayai, lakini nayo ina watu wanaopanga foleni kupewa chakula. Hilo halipaswi kumshangaza mtu wa Rukwa au Ruvuma. Njaa mara nyingi hukaa jirani na ghala lililojaa, kwa sababu kinachokosekana ni fedha ya kununulia au barabara ya kupitishia.

Kwa hiyo swali la kiuchumi ni hili: kwa nini kikundi chenye unga, nyama na mahindi kihangaike kupika na kuuza, badala ya kuchukua chakula hicho na kumpelekea mwenye njaa moja kwa moja?

Jibu linaonekana kwenye hesabu. Ichukuliwe kwa bei za mfano tu, maana bei za soko hazikai mahali pamoja. Mkulima ametoa kilo 20 za maharage, ambazo shambani zingempa shilingi 30,000. Sahani moja ikipewa gramu 100 za maharage makavu, zinapatikana sahani 200. Mchele gramu 150 kwa kila sahani ni kilo 30, kwa shilingi 2,500 kila kilo, yaani shilingi 75,000. Mafuta, vitunguu, nyanya, mkaa, maji na sahani viwe shilingi 100,000. Fedha taslimu iliyotoka mfukoni ni shilingi 175,000. Sahani zote zikiuzwa kwa shilingi 3,000 zinaleta 600,000, na kinachobaki ni shilingi 425,000. Mahindi yakiwa shilingi 700 kwa kilo, fedha hiyo inanunua magunia sita ya kilo 100, na chenji ya shilingi 5,000.

Maharage na mchele ule, kama vingepelekwa vibichi, vingekuwa kilo 50, yaani nusu gunia. Vimepita jikoni, vimekuwa magunia sita.

Hakuna miujiza hapo. Tofauti hiyo imelipwa na watu wawili. Wa kwanza ni mwendesha baiskeli, ambaye ana njaa ya safari na fedha mfukoni, na yuko mbali na jiko lake. Wa pili ni mpishi aliyejitolea, ambaye ameacha shughuli zake siku mbili bila ujira. Vikundi vingi humsahau huyu wa pili vinapojisifu kwa mapato. Kama wapishi watano wangelipwa shilingi 15,000 kwa siku, shilingi 150,000 zingeondoka na magunia yangeshuka hadi chini ya manne. Na kama mvua ingenyesha, sahani 120 tu zikauzwa huku wapishi wakilipwa, kingebaki kiasi cha shilingi 35,000, sawa na kilo 50 za mahindi. Ni nusu gunia ileile, na watu wamechoka bure.

Hapo ndipo Iowa ina jambo la kufundisha kuliko pai zake. Njia ya msafara hutangazwa mwishoni mwa Januari, karibu miezi sita kabla. Idadi ya waendeshaji wa wiki nzima imekuwa ikiwekewa kikomo, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa 8,500. Kikundi cha kanisa katika mji wenye watu mia chache kinajua mapema ni siku gani wateja watapita, watakuja kama wangapi, na kama watalala hapo au watapita tu. Kinaweza kuagiza unga kwa bei ya jumla na kugawana kazi. Mkulima anayepanda nyanya bila kujua zitauzwa lini wala kwa nani angetamani taarifa ya namna hiyo kuliko ruzuku. Chakula kilichopikwa ni bidhaa mbaya sana kwa mtu anayekisia, kwani saa nane mchana kina bei na saa mbili usiku ni hasara.

Lipo pia suala la wale wanaoishi kwa kuuza chakula. Mpishi wa kujitolea halipi kodi ya banda, halipi mishahara, na pengine hata viungo amepewa. Akishusha bei, mama lishe wa jirani hawezi kushindana naye, na siku ya wateja wengi ndiyo siku ambayo mama huyo aliitegemea. Iowa wachuuzi wa kitaalamu husafiri pamoja na msafara, wanalipa ada na wanauza sambamba na makanisa. Mpango huo unawezekana kwa sababu wateja ni wengi kuliko jiko lolote. Mahali ambapo wateja ni wachache, kikundi cha hisani kinachouza wali kwa bei ya kutupa kinamtoza mama lishe mchango ambao hakuombwa. Heri kiuze kwa bei ya soko au kuizidi kidogo. Anayenunua anajua ziada inakwenda wapi.

Wapo waliogeuza mpango huo kichwa chini. Shirika la Share Our Strength la Marekani, lililoanzishwa mwaka 1984 wakati wa njaa kubwa ya Ethiopia, lilipata mwaka 2015 msafara wa Chefs Cycle, ambamo wapishi wenyewe ndio waliopanda baiskeli. Waliendesha takriban kilomita 480 kwa siku tatu, wakichangisha fedha kwa ajili ya watoto wanaokosa mlo. Mpishi akivuja jasho barabarani anaonekana na kuchangiwa haraka. Akivuja jasho jikoni, haonekani.

Kukusanya fedha, hata hivyo, ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuitumia, na hapo ndipo mkulima wa Afrika ana maslahi makubwa.

Kwa miongo mingi Serikali ya Marekani ilifuata njia iliyo kinyume kabisa na ile ya akina mama wa Iowa. Chini ya sheria ya mwaka 1954, nafaka ilinunuliwa kwa wakulima wa Marekani na kusafirishwa kuvuka bahari, sehemu kubwa ikitakiwa kisheria kupakiwa kwenye meli za Marekani. Mwaka 2007 wakaguzi wa Bunge la nchi hiyo waliripoti kwamba katika mpango mkubwa zaidi wa msaada wa dharura, takriban asilimia 65 ya fedha ilikwenda kwenye usafirishaji na gharama nyingine zisizo chakula chenyewe. Mwaka 2009 wakaguzi haohao walionyesha kuwa chakula kilichonunuliwa ndani ya nchi husika au kanda yake, Kusini mwa Sahara, kiligharimu asilimia 34 pungufu kuliko kile kilichotoka Marekani. Iowa huuza chakula pale kilipo kingi na kupeleka fedha. Washington ilibeba chakula chenyewe, na nauli ikala zaidi ya mwenye njaa.

Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilijaribu njia nyingine kuanzia mwaka 2008. Mpango wake wa P4P uliendeshwa kwa majaribio ya miaka mitano katika nchi 20, zikiwamo Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Kongo. Lengo lilikuwa kununua nafaka ya msaada kutoka kwa vikundi vya wakulima wadogo. Lilikuwa wazo zuri, lakini utekelezaji ulikuwa na mawe njiani. Vikundi vilisaini mikataba, kisha siku ya kukabidhi mzigo haukutosha. Malipo yalichelewa, ilhali mlanguzi alikuwa mlangoni na fedha mkononi. Mwanachama mwenye ada ya shule ya kulipa hakuweza kungoja, akauza. Viongozi wa ushirika walimlaumu kwa kukosa uaminifu, lawama ambayo ni rahisi mno kutolewa na mtu asiyedaiwa ada.

Julai 1, 2025, shirika la misaada la Marekani, USAID, liliacha rasmi kuendesha misaada ya nje. Mapengo ya namna hiyo hayazibwi na pai wala sahani za maharage, na mtu asidanganye kwamba yatazibwa. Lakini fedha za vikundi vidogo, za makanisa, misikiti, vyama na klabu za michezo, zina uzito mkubwa zaidi sasa kuliko zilivyokuwa, na makosa ya kuzitumia yanauma zaidi. Kikundi kinachomaliza jioni na shilingi 425,000 kisha kikanunua unga wa pakiti dukani mjini na kukodi gari la kuupeleka wilayani kimerudia kosa la mwaka 1954 kwa udogo.

Kikundi hicho kina faida moja ambayo WFP ilikosa: kinaweza kulipa papo hapo. Magunia sita hayahitaji zabuni. Kinachohitajika ni mkulima au chama cha msingi kilicho karibu na wenye njaa, mzani badala ya lumbesa, na mahindi yaliyokauka. Kiwango cha Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5, na sumukuvu isiyozidi sehemu 10 katika bilioni. Mahindi mabichi yaliyofungwa kwenye gunia huota ukungu, na mwenye njaa hana nafasi ya kuchagua. Mkulima anayetaka soko hili aanike kwenye turubai, si kwenye udongo, na akubali mzigo wake upimwe. Mnunuzi naye aje na fedha siku ileile, hata kama ni ya magunia mawili.