Ujira wa Mchezaji na Manung'uniko ya Watazamaji

Wako watazamaji wanung'unikao wakisema, "Mbona mtu alipwe fedha nyingi hivyo kwa kucheza tu?" Wenzangu, tusiwe wepesi kuhukumu.

Huko Uingereza, tangu mwaka 1901, iliwekwa kanuni kwamba mchezaji asilipwe zaidi ya pauni 4 kwa juma. Kufikia mwaka 1960 kiasi hicho kilikuwa pauni 20, hata uwanja ukifurika watu. Chama cha wachezaji, kikiongozwa na Jimmy Hill, kilitishia mgomo, na Januari 1961 kanuni ikaondolewa. Mara Johnny Haynes wa Fulham akalipwa pauni 100 kwa juma.

Lakini fedha haikuwa shauri lote. Mkataba ulipokwisha, klabu iliweza kumzuia mchezaji asihamie kwingine. Mimi karani nikichoshwa na kazi hutoa notisi nikaenda zangu. George Eastham alipotaka kuondoka Newcastle United mwaka 1960 alikataliwa, hata akaacha mpira kwa miezi kadhaa, akatafuta kazi nyingine. Baadaye aliruhusiwa kwenda Arsenal, lakini hakuiacha kesi yake. Na mwaka 1963 Jaji Wilberforce akaamua kwamba kumzuia mtu namna ile si halali.

Basi, ndugu mtazamaji, ulipapo kiingilio, unalipia miguu ya mtu, nayo huzeeka upesi. Mdai kipimo cha bidii yake uwanjani, ni haki yako. Lakini usimwonee kijicho kwa ujira wake, wala usitamani afungwe kamba ambayo wewe mwenyewe usingeikubali.