Matusi ya Kando ya Uwanja Yanawafukuza Watoto Wetu

Nauza fulana za mtumba pale Toi, Kibera. Robota likifunguliwa asubuhi, wateja wa kwanza hugombania kamera, zile nguo safi zisizopauka, na ni wachache wanaosimama kusoma kilichochapwa kifuani. Hazikosekani zenye matusi ya wazi ya Kiingereza, wala zenye picha za wanawake walio uchi. Kitambaa ni kizito, rangi imeshika, bei ni ileile ya fulana nyingine. Ikifika Jumamosi utaiona moja kando ya uwanja wa mpira, imevaliwa na mwanamume aliyembeba mtoto mabegani.

Mimi fulana hizo siziuzi kama nguo. Nazitenga chini ya meza, zikitosha nazikata na kuwauzia mafundi wa gereji matambara ya kufutia oili. Faida yake haifiki popote. Jirani zangu sokoni huniambia naharibu mali, na kwa hesabu za biashara wanasema kweli. Lakini binti yangu anacheza mpira, ni winga wa kulia katika timu ya wasichana chini ya miaka 14, na nimeona nguo hizo zinavaliwa wapi na zinaandamana na maneno gani.

Timu yao hucheza uwanja wa DC hapa Kibera, na mara nyingine huvuka Ngong Road kwenda kucheza Kawangware. Asiyejua viwanja vyetu aelewe kwamba hakuna ua wala viti. Mstari wa pembeni umechorwa kwa majivu na watazamaji wamesimama juu yake. Wapo wauza njugu na mayai ya kuchemsha, akina mama waliotoka sokoni, watoto waliokuja kumtazama dada yao. Winga akikimbia na mpira, anapita mbele ya watu hao karibu kiasi cha kuguswa.

Katika mechi moja ya Kawangware, kundi la wanaume lilisimama upande wa binti yangu. Mmoja alikuwa na fulana ya aina ninayoikata. Kila mtoto alipopita, yule bwana alitangaza kwa sauti jinsi kifua cha mtoto huyo kilivyo, akapigia hesabu miaka iliyobaki kabla ya kumchukua, na wenzake wakacheka. Niliona binti yangu akianza kuvuta jezi chini kwa mkono mmoja huku anakimbia. Kipindi cha pili akahamia katikati. Kocha alipiga kelele hadi sauti ikakauka, "Rudi kwa laini! Nafasi yako ni laini!" Hakurudi. Kocha alifikiri mtoto amesahau mafunzo.

Nilimwendea yule bwana nikamwambia, "Baba, huyo ni mtoto." Akanijibu bila kunitazama, "Mathe, hii ni ball, si kanisa." Refa, kijana wa rika la mwanangu mkubwa, alikuwa amesikia kila neno. Alitazama saa yake, mchezo ukaendelea. Baada ya mechi hiyo mama wa mlinda lango wetu alimwondoa mwanawe timuni, na sikuwa na neno la kumrudisha.

Utetezi ninaousikia kila mara ni kwamba mpira ni utani. Nautambua utani. Nimekulia katika nchi ambayo mechi yake kubwa ya klabu inaitwa Mashemeji Derby, kwa sababu Gor Mahia iliyoundwa 1968 na AFC Leopards iliyoundwa 1964 zina mizizi miongoni mwa Wajaluo na Waluhya, watu waliooana hadi kutenganisha koo ni kazi. Shemeji huchekwa kwa timu yake, kwa chakula chake, kwa kipa wake aliyelala golini. Lakini shemeji huyohuyo akitukana sehemu za siri mbele ya mama mkwe, kikao huvunjika na wazee huitwa. Utani wetu umekuwa na mipaka tangu zamani, na kila aliyelelewa anaijua. Kumtajia msichana wa miaka 13 matiti yake mbele ya umati hakumo katika utani wa kabila lolote ninalolijua.

Hapa inanibidi niseme jambo ambalo wengi wanaokubaliana nami hawatalipenda. Mjadala wa mavazi michezoni hapa Kenya huanza vizuri na kuishia kwenye miguu ya wanawake. Katikati ya mwaka 2014, baada ya mashindano ya raga ya Masaku Sevens kule Machakos, zilisambaa picha za ulevi na mambo yasiyofaa kufanywa hadharani. Nchi ilikasirika, na ilikuwa na haki. Lakini muda si muda hasira ikawahamia wasichana waliovaa kaptura fupi, kana kwamba wao ndio waliowalewesha wenzao. Novemba mwaka huohuo mwanamke alivuliwa nguo na wanaume kwenye steji ya matatu katikati ya Nairobi, kwa kisingizio kwamba amevaa vibaya, na tarehe 17 wanawake wakaandamana jijini. Ndipo sheria ikabadilishwa: anayemvua mtu nguo kwa nguvu hukabiliwa na kifungo kisichopungua miaka 10.

Kwa hiyo sitaki kusikia askari jamii wamewekwa langoni kupima sketi. Sketi fupi haimtukani mtu. Msichana wa Kawangware aliyekuja kutazama mpira na kaptura yake hajamkosea mtoto wangu kwa lolote. Aliyemkosea ni mwanamume aliyevaa tusi kifuani na kulitamka mdomoni, naye amefunikwa kuanzia shingoni hadi kwenye viatu. Tukikosa kutofautisha mambo hayo mawili, tutakuwa tumewapa walewale wanaotusumbua rungu jipya la kutupigia.

Wanaosema mashabiki hawafundishiki wakumbuke Agosti 2025. Tulipoandaa mashindano ya soka ya CHAN pamoja na Tanzania na Uganda, watu waliingia uwanja wa Kasarani kwa kulazimisha milango. Shirikisho la soka la Afrika, CAF, likaipiga Kenya faini na kupunguza mashabiki hadi 27,000 kwa mechi yetu dhidi ya Zambia. Kosa la shabiki lilimfikia mwenye uwanja mara moja, na viongozi waliokuwa wamenyamaza wakaanza kuhubiri nidhamu redioni. Kule Uturuki, Septemba 2011, klabu ya Fenerbahçe ilipofungiwa mashabiki kwa sababu ya fujo, waliruhusiwa wanawake na watoto peke yao. Walijitokeza zaidi ya 41,000. Miaka yote watu wale walikuwepo mjini na waliupenda mpira. Walikuwa wamefukuzwa na tabia za wengine.

Na sisi tunao wa kwetu. Oktoba 2024 wasichana wa Junior Starlets walicheza Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 katika Jamhuri ya Dominika, timu ya kwanza ya soka ya Kenya kufika Kombe la Dunia la ngazi yoyote, wakaifunga Mexico 2-1. Tulishangilia nchi nzima. Msichana haanzii mpira Kasarani. Anaanzia kwenye mavumbi, mbele ya watu walewale ninaowaeleza, na hatujui ni wangapi wenye kipaji waliokaa nyumbani kwa sababu mama zao hawakuwa na njia nyingine ya kuwalinda.

Sasa serikali inajenga uwanja wa Talanta pale Jamhuri, viti 60,000, kwa ajili ya AFCON ya 2027. Ukisimama pale, Kibera iko upande mmoja na Kawangware upande wa pili. Wageni watapita katika mitaa yetu, na vijana wanaosimama juu ya mstari wa majivu leo ndio watakaojaza viti vile.

Waandaaji wa ligi za mitaani hawahitaji bajeti kuanza. FIFA ina utaratibu wa hatua tatu dhidi ya ubaguzi: refa husimamisha mchezo, matusi yakiendelea timu hutoka uwanjani kwa muda, yakizidi mechi huvunjwa. Tuutumie utaratibu huohuo kwa matusi ya mwili na ya mavazi. Refa apulize filimbi, amwonyeshe mhusika kwa mkono, na mpira usirudi kuchezwa mpaka ameondoka. Akikataa kuondoka, timu anayoishangilia ipoteze pointi. Wenzake ndio watakaomtoa, na watamtoa haraka kuliko polisi. Marefa vijana waambiwe kabla ya mechi, mbele ya timu zote mbili, kwamba waandaaji watawaunga mkono, kwa sababu yule kijana aliyetazama saa yake aliogopa kupigwa, nami simlaumu.

Wenzangu wauza mitumba wa Toi, Gikomba na Kawangware, nanyi nawaomba: fulana ya tusi mkiikuta ndani ya robota, ikateni. Na wewe baba unayekuja kutazama wasichana wakicheza, ukimsikia jirani yako akimtukana mtoto, usimwachie mama yake kazi ya kumnyamazisha. Mwambie wewe, maana wewe atakusikia.