Chati Haiombi Mtandao

Mwandishi mmoja amechapisha hoja hii: chati ya data inayoitika kwa kipanya ni mali ya intaneti, hivyo mchambuzi anayetumia Python mahali pasipo na mtandao aridhike na picha mgando.

Eti seva ndiyo inayoichezesha chati. Seva gani? Unapokuza kipande cha mstari, au nukta ikakutajia thamani yake, kazi hiyo inafanywa na JavaScript ndani ya kivinjari, kwenye kompyuta iliyo mapajani mwako. Kampuni ya Plotly iliifungua maktaba yake ya plotly.js kwa umma mwaka 2015; tangu hapo ni faili tu, unaibeba popote. Amri ya write_html ya Plotly kwa Python, usipoigusa mipangilio yake, huipachika plotly.js nzima ndani ya ukurasa wenyewe. Zima ruta, chomoa waya, fungua ukurasa: chati inacheza kama kawaida.

Mwandishi huyo analalamika faili ni nzito. Kweli, megabaiti kadhaa. Video za harusi anazotumiwa kila Jumamosi zinaishinda. Akiwa na chati hamsini, lipo chaguo la kuiweka maktaba mara moja tu kwenye folda, zote zikaichota hapo.

Kinachohitaji mtandao ni vitu kama ramani za mitaa, ambazo vipande vyake huvutwa kutoka mbali, na chati iliyohifadhiwa kwa chaguo la “cdn”, linaloiacha maktaba huko mtandaoni. Nahisi bwana huyu alilichagua mwenyewe ili faili iwe nyepesi, akafika kijijini, akaona ukurasa mweupe, akaishtaki teknolojia.