Klachi ya Vespa na samahani niliyokuwa nikidaiwa



Kisa cha leo kimetokea nyumbani kwangu, na mwenye makosa ni mimi. Nakiandika kwa sababu naamini si peke yangu niliyewahi kumhukumu mtoto kwanza, ushahidi nikautafuta baadaye.

Tunayo Vespa Super aliyotuachia marehemu baba. Mtu wa Mji Mkongwe hahitaji kuelezwa Vespa ni nini. Kiwanda cha Piaggio huko Italia kilianza kuzitengeneza mwaka 1946, na vichochoro vyetu ni kama vilikuwa vinazisubiri. Hupita pasipopita gari, na hubeba mtoto wa skuli na kapu la sokoni kwa safari moja. Hii yetu asubuhi humpeleka binti yangu skuli. Jioni huitumia kaka yake, kijana wa miaka 19 mwenye leseni yake mfukoni.

Asubuhi moja tulikuwa tunaingia kipilefti cha Michenzani. Nikaachia klachi, nikaongeza moto. Mashine ikanguruma, lakini chombo kikajikokota kama punda aliyeelemewa na mzigo. Nyuma yetu kulikuwa na daladala. Nilisikia honi, kisha breki. Tulivuka salama, alhamdulillahi. Lakini ile mikono midogo iliyonishika kiunoni haikulegea mpaka tulipofika mlango wa skuli.

Nilirudi nyumbani na hasira, na mkosaji nilikuwa nimeshampata njiani. Nikamwita kijana.

"Umeipakia mshikaki na wenzako mpaka umeua klachi. Leo nusura dada yako agongwe."

"Baba, mimi sijawahi kupakia zaidi ya mtu mmoja."

"Usinijibu!"

Nikachukua ufunguo. Kwa siku tisa alikwenda zake kwa daladala. Shikamoo alinipa kila asubuhi, kwa sababu ni wajibu, lakini baada ya hapo hakuna neno. Mama yao aliniuliza mara moja tu, "Una hakika?" Nikasema ninayo.

Fundi wa kwanza hakufungua hata nati moja. Alisema mashine imekwisha, ninunue nyingine, na bei aliyoitaja ilinifanya nitafute pa kukaa. Ndipo nikamkumbuka mzee aliyekuwa akimtengenezea baba. Siku hizi hafanyi kazi nyingi, macho yamechoka. Akasema, "Ilete Jumamosi, na mwanao aje. Yeye atafungua, mimi nitaangalia." Kijana hakuweza kumkatalia mzee. Binti naye akafuata.

Kabla ya spana yoyote, mzee alitaka kujua ugonjwa wenyewe. Klachi ina maradhi mawili, na watu huyachanganya. La kwanza ni kuteleza: mashine inapiga kelele lakini mwendo hauongezeki, khasa kwenye mlima au ukiwa na abiria. La pili ni kung'ang'ania: umebana mkono wa klachi wote, lakini ukitia gia ya kwanza chombo kinaruka mbele au mashine inazima. Dawa zake ni tofauti kabisa.

Alimwambia kijana apige kiki. Kiki ikashuka laini, mashine ikazunguka kidogo tu. Mzee akaeleza kwamba kwenye Vespa za aina hii nguvu ya kiki hupitia kwenye klachi, kwa hiyo klachi ikiteleza, na kiki nayo inateleza. Yetu ilikuwa inateleza, bila shaka.

Kisha akaanza na visivyo na gharama. Akaushika mkono wa klachi kwa kidole kimoja. Ukiuvuta, lazima kwanza kuwe na ulegevu mdogo, kama milimita 2, kabla waya haujaanza kuvuta. Ulegevu huo ndio unaohakikisha kwamba ukiachia, pleti zinabanana sawasawa. Wetu haukuwa na ulegevu hata chembe. Akautazama waya ndani ya ganda lake kama una kutu, maana kwetu hewa ya bahari haisamehe chuma. Waya ukikwama kwa kutu, klachi hairudi yote. Wetu ulikuwa mzima. Akamwaga oili ya giaboksi kidogo kwenye kidole, akanusa, akampa binti naye anuse. Binti akasema inanuka kama chungu kilichoungua. Mzee akacheka. "Huyu ni fundi."

Ikabidi tufungue. Kijana alimwaga oili yote, akatoa gurudumu la nyuma, akailaza Vespa ubavu, akafungua kava ya klachi. Nati ya katikati ina meno na inataka spana yake maalumu. Mzee alikuwa nayo, imefungwa kwenye kitambaa. Alimwonya achunge kile kipande kidogo cha chuma kinachokaa kwenye shafti, kwa sababu kikipotea kazi imesimama. Kijana akakitia mfukoni mwa shati, akafunga kifungo. Mimi ningekiweka chini.

Klachi ilipotoka na springi zake sita kubanwa, zikaonekana pleti tatu zenye vipande laini mfano wa vizibo vya chupa. Vipande hivyo ndivyo vinavyoshika, na huwa ndani ya oili muda wote. Vyetu vilikuwa vyeusi, vinang'aa, vimeliwa mpaka karibu na chuma. Pleti za chuma za katikati zilikuwa na rangi ya buluu, alama ya moto mkali.

Mzee akaniangalia. "Nani aliyekaza waya huu?"

Nilikaza mimi, miezi miwili nyuma. Niliona mkono wa klachi "umelegea", nikaona nimefanya la maana. Kumbe nilikuwa nimeiweka klachi katika hali ya kubanwa nusu kila siku, kila safari, mpaka ikajiunguza.

Sikujibu haraka. Binti akanijibia, bila ya ubaya wowote: "Tena Baba huwa haondoi vidole viwili kwenye klachi. Mimi namuona kila siku."

Kijana hakusema kitu. Aliendelea kufuta pleti kwa kitambaa. Angeweza kusema mengi, na haki alikuwa nayo.

Pleti mpya tulizipata dukani Darajani mchana ule ule, kwa bei isiyofika hata karibu na ile ya mashine. Mzee akasema zilale kwenye oili usiku kucha kabla ya kufungwa, kwa sababu zikiingia kavu zinaungua siku ya kwanza. Tukaziacha ndani ya kopo, tukarudi nyumbani kwa miguu.

Njiani nilimwacha binti atangulie. Nilikuwa nimepanga maneno marefu, yenye maelezo ya kipilefti na daladala na hofu niliyokuwa nayo. Nikaona maelezo hayo yote yananitetea mimi. Nikayaacha.

"Nilikusingizia. Nisamehe."

Tukatembea hatua kadhaa. Kisha akasema, "Yamekwisha, Baba. Lakini ungeniuliza tu."

Neno hilo bado ninalo. Hofu yangu ya asubuhi ile ilikuwa ya kweli. Na mshikaki kweli huchosha klachi, kwa hiyo dhana yangu haikuwa ya kipuuzi. Kosa langu ni kwamba niliifanya dhana kuwa hukumu, na mtoto aliposema kweli nikamwita mjeuri. Mzee yule kabla ya kuilaumu mashine aliuliza, akagusa, akanusa. Mwanangu hakuipata nafasi hiyo kwangu.

Wengine wetu tumelelewa tukiamini mzazi akimwomba mtoto samahani heshima yake inashuka. Mimi nasema yaliyotokea kwangu: siku tisa nilizokaa na hakika yangu, nilipewa shikamoo tupu. Jumapili baada ya samahani, kijana alinigongea mlango kabla ya saa mbili. "Baba, twende tukafunge."

Tulifunga, tukatia oili mpya ya SAE 30, robo lita tu, tukaacha ule ulegevu wa milimita 2. Kijana akaendesha, mimi nikakaa nyuma, tukapanda upande wa Masingini kwa gia ya nne. Haikuteleza. Ufunguo sikumdai.

Kwa wazazi wenye Vespa ya kizamani nyumbani, haya ndiyo niliyojifunza. Klachi ikianza kuteleza, usimpakie mtoto mpaka itengenezwe, kwa sababu inakuangusha pale pale unapohitaji mwendo. Anza na waya: upate ulegevu, na uhakikishe unarudi bila ya kukwama. Angalia oili, na usitie oili za kisasa za gari zenye dawa za kulainisha, kwani hufanya pleti zishindwe kushikana. Ukibadilisha pleti, zilaze kwenye oili kwanza, na pleti za chuma zilizobadilika rangi au kupinda usizirudishe. Ondoa vidole kwenye klachi ukiwa hubadilishi gia.

Na kama una kijana nyumbani uliyemshutumu kwa jambo ambalo hukulichunguza, muulize leo. Ukikuta kosa ni lako, mwambie kwa maneno machache.

Mimi vidole vyangu sasa vina mlinzi. Kila asubuhi nasikia sauti nyuma ya mgongo: "Baba, klachi!"