Kemia si Wimbo

Wako waalimu wenzetu, nasi twakiri kwamba kwa miaka miwili mizima tulikuwa miongoni mwao, wafundishao kemia kama watoto wafundishwavyo wimbo. Mwalimu huandika ubaoni ya kwamba maada ni kitu chochote chenye uzito na chenye kujaza nafasi. Darasa huitikia. Huandika tena hali zake tatu, yabisi na kimiminika na gesi, darasa likaitikia. Mwisho wa muhula mtoto huulizwa maada ni nini, naye hujibu pasipo kukosa hata herufi moja, akapewa alama zake akaenda kwao. Ukimkuta njiani ukamwuliza kama hewa nayo ni maada, huinama akatazama miguu yake.

Waalimu hao wakiulizwa sababu, jibu lao ni moja: hatuna maabara. Siku chumba cha majaribio kitakapojengwa, na chupa zikaja, na mabomba ya maji, ndipo tutakapowaonyesha watoto. Kwa sasa na washike maneno. Na wazazi wengi wameridhika na jibu hilo, maana daftari limejaa na mwandiko ni mzuri. Sisi twalipinga. Twalipinga kwa kuwa si kweli, tena kwa kuwa lawadhuru watoto, na madhara yenyewe tutayataja kwa majina.

Kwanza tuonyeshe kwamba si kweli. Kuna gharama gani katika kuthibitisha kuwa hewa hujaza nafasi? Chukua bilauri, kunja karatasi uishindilie chini ndani yake, kisha uifudikize bilauri na kuizamisha wima katika beseni la maji. Itoe: karatasi ni kavu. Maji hayakuingia kwa sababu nyumba ilikuwa na mwenyewe. Na uzito je? Tundika fimbo kwa uzi katikati. Upande mmoja funga mpira wa miguu uliolegea, upande wa pili kopo la mchanga, mpaka fimbo ilale sawa. Sasa ujaze mpira kwa pampu ya baiskeli mpaka uwe mgumu, uurudishe pale pale. Upande wa mpira utashuka. Hushuka kidogo sana, maana lita moja ya hewa ina uzito wa gramu moja na kitu tu, kwa hiyo fimbo yataka kuwa nyepesi na mkono kuwa mtulivu. Lakini hushuka. Mtoto aliyeona fimbo ile ikishuka hahitaji kuimba.

Lakini mfano tuupendao kupita yote ni chokaa. Huku kwetu Pwani nani hajaona tanuri la chokaa? Mawe ya matumbawe hupangwa juu ya magogo, moto ukawashwa, na baada ya muda hutoka kitu cheupe chepesi ambacho kikitiwa maji huchemka na kupasuka chenyewe kama kwamba kuna moto ndani yake. (Hatumshauri mtu avunje matumbawe yaliyo hai baharini, samaki watamdai. Twasema habari za mawe ya nchi kavu.) Wapakizi wajua tangu zamani kuwa chokaa itokayo tanurini ni nyepesi kuliko mawe yaliyoingia. Ukiwauliza uzito umekwenda wapi, watasema moto umeula. Na sisi waalimu, wenye vyeti, tungejibu nini?

Jibu lilipatikana kwa mizani. Joseph Black, tabibu wa Uskoti, alichapisha mwaka 1756 habari za majaribio yake juu ya magnesia na chokaa. Alipima kabla ya kuchoma akapima na baada ya kuchoma, akaona kwamba kilichopungua ni hewa iliyokuwa imefungwa ndani ya kitu chenyewe, nayo si sawa na hewa hii ituzungukayo. Leo twaiita kabonidayoksaidi. Ikiwa jiwe la chokaa ni safi na kavu, kila ratili 100 zikiungua kabisa huacha ratili 56. Ratili 44 zimeondoka kwa njia ya anga. Moto haukula kitu. Kila kitu kipo, ila hakipo mahali kilipokuwa.

Na hewa hiyo yaweza kukamatwa kijijini hapa hapa. Nunua chokaa iliyokwisha kuzimwa, ile ya kupakia kuta. Koroga kijiko kimoja katika chupa ya maji, uiache usiku kucha ituame, na asubuhi umimine maji ya juu yaliyo maangavu, bila kuyatikisa. Chukua mrija wa jani la mpapai uliooshwa vizuri, upulize pumzi yako polepole ndani ya maji hayo. Utaona yakigeuka meupe kama maziwa yaliyozimuliwa. Weupe ule ni jiwe! Ni jiwe lile lile la matumbawe lililorudi, maana chokaa imekutana tena na hewa yake, na safari hii hewa imetoka kifuani mwa mtoto wa kidato cha kwanza. Twauliza: maabara gani ingeonyesha jambo kubwa kuliko hilo?

Angalieni lakini. Puliza tu, usivute. Maji hayo ni makali, tena yakiingia jichoni yaweza kuliharibu. Na hapa ndipo wapinzani wetu hutushika mkono na kusema: haya, ninyi wenyewe mmenena, majaribio ni hatari, si heri watoto wakae na daftari zao?

Hoja hii ina nguvu, wala hatutaipita kando. Tulipokuwa tukisomea ualimu, mkufunzi mmoja alitupa chupa na kutuambia tuitambue dawa iliyomo kwa harufu yake. Tukafungua, tukapeleka pua mpaka mdomoni mwa chupa, tukavuta. Ilikuwa amonia. Pumzi ilikatika, macho yakafumba, tukaanguka juu ya benchi la wenzetu. Sasa sikilizeni ajabu yake: kanuni ya kwamba dawa hainuswi hivyo, bali huvutwa puani kidogo kwa kupunga mkono juu ya chupa, tulikuwa tumekwisha kuinakili juma mbili nyuma, tena tulipata alama zote. Ilikuwa daftarini. Mkononi haikuwapo. Basi na yule asemaye kanuni za usalama zafundishwa kwa kuandikwa, aje atutazame.

Tena hatari yenyewe haikai shuleni ikingoja kualikwa. Imo nyumbani tayari. Imo katika chupa ya soda iliyotiwa mafuta ya taa na kuwekwa chini ya meza, hata mtoto mwenye kiu akaifikia. Na watu wakiona amekunywa, humtapisha kwa nguvu, mafuta yakaingia mapafuni na kumdhuru zaidi, kumbe ilipasa asitapishwe, akimbizwe zahanati. Imo katika jiko la mkaa liingizwalo chumbani usiku wa baridi na mlango ukafungwa. Mkaa usiopata hewa ya kutosha hutoa kabonimonoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu waliolala pasipo kuwaamsha. Imo chooni, mama wa nyumba anapochanganya dawa ya kung'arisha nguo na asidi ya kusafishia choo, akidhani mbili zitashinda moja. Hutoka klorini, ambayo mwaka 1915 majeshi yaliitumia kuulia watu vitani.

Imo pia katika magadi makali ya sabuni. Akina mama wengi sasa hupika sabuni, nasi twawasifu, lakini wangapi waliambiwa kwamba magadi yale hutiwa katika maji kidogo kidogo, wala maji hayamwagwi juu yake, yasije yakachemka ghafula na kuruka usoni? Wangapi waliambiwa wasitumie sufuria ya alumini? Magadi hayo hula alumini, na povu litokalo ni gesi ya haidrojeni, ambayo hushika moto. Mtoto wa shule aliye na kemia mkononi angemwambia mama yake. Aliye na kemia ya kuimba hunyamaza, kwa kuwa katika wimbo wake sufuria haikutajwa.

Kwa hiyo wamnyimao mtoto majaribio hawakumwondolea hatari hata moja. Wamemwondolea macho.

Hatusemi kwamba elimu humfanya mtu asidhurike. Carl Scheele wa Uswidi, mmoja wa waliotangulia kuipata oksijeni, alikuwa na desturi ya kuonja dawa zake. Alikufa mwaka 1786 mwenye umri wa miaka 43, na wengi wadhani sumu zile zilimpunguzia siku. Karen Wetterhahn, profesa wa kemia katika Dartmouth College huko Marekani, alidondokewa na matone machache ya sumu ya jamii ya zebaki mwezi wa Agosti 1996. Alikuwa amevaa glavu kama kanuni ya siku zile ilivyotaka. Mwezi wa Juni 1997 alikuwa marehemu. Baadaye glavu za namna ile zikajaribiwa, ikaonekana sumu hiyo hupenya ndani ya sekunde chache, na kanuni ikabadilishwa. Basi kanuni za usalama hazikushuka zikiwa zimekamilika. Nazo ni matunda ya uchunguzi, na nyingine zimenunuliwa kwa bei hiyo. Mwalimu azisomaye kama orodha ya makatazo, usikimbie, usile, usiguse, bila kusema kwa nini, amezifanya kuwa mzaha, na vijana hufanya lifanywalo na mzaha.

Na uchunguzi ni nini? Neno hili nalo limefanywa wimbo: swali, dhana, jaribio, hitimisho. Twapenda kuwasimulia watoto habari za Jan Baptist van Helmont wa Brussels, aliyefariki mwaka 1644. Alikausha udongo wa ratili 200, akautia katika chombo, akapanda mwerebi wenye uzito wa ratili 5, akawa akiunywesha maji tu. Baada ya miaka mitano mti ulikuwa na ratili 169 na zaidi, na udongo ulipokaushwa na kupimwa tena ulikuwa umepungua wakia 2 hivi. Akasema mti wote umefanyika kwa maji. Alipima kwa uaminifu, akakosea kwa uaminifu. Alisahau hewa, yeye ambaye ndiye aliyelibuni neno gesi! Leo twajua kwamba sehemu kubwa ya mti huo ilitoka katika kabonidayoksaidi ya anga ikiungana na maji. Lakini alituachia hesabu zake, ndiyo maana waliomfuata waliweza kumsahihisha. Mtu aimbaye hasahihishiki. Huweza tu kusahau.

Kuna na waalimu wa namna ya pili, nao hatuwaachi. Hawa hufanya jaribio siku ya mgeni rasmi tu. Hulipua kitu, moshi ukapanda, watu wakapiga makofi, wala hakuna mtoto aliyegusa wala kupima wala kuuliza. Hayo ni mazingaombwe. Afadhali misumari mitatu katika chupa tatu, mmoja pakavu, mmoja katika maji yaliyochemshwa na kufunikwa mafuta, mmoja katika maji ya kawaida, nao watoto wangoje juma nzima waone ni upi utakaoshika kutu. Hakuna atakayepiga makofi.

Kamati za shule twaziomba mambo madogo kabla ya jengo kubwa: ndoo ya maji na ndoo ya mchanga karibu na mlango, madirisha yafungukayo, kabati lenye kufuli, miwani ya kukinga macho, na mizani moja ya kweli. Jengo na lije, hatulikatai.

Muhula uliopita, baada ya darasa kupuliza maji ya chokaa, msichana mmoja aliuliza hivi: ikiwa pumzi yake imerudisha jiwe, je, chokaa ya ukutani nayo hurudi kuwa jiwe kwa kukaa katika hewa? Hatukumjibu. Tulimwambia alete. Kesho yake alileta magamba ya chokaa aliyobandua katika ukuta wa nyumba ya babu yake, na ndimu mbili. Tukaweka magamba hayo katika kisahani kimoja, na katika cha pili chokaa mpya ya mfukoni, akakamulia vyote viwili. Ya mfukoni ilitoa mapovu machache tu. Ya ukuta wa babu yake ilichemka mpaka ikafurika kisahani, na darasa zima likaacha viti vyake.