Wewe wa Habaswein, achana na nyuti

Naona mnatumiana video za watu wa Ulaya wakilea watoto wa nyuti kwa tangi la kioo. Nyuti ni ndugu wa chura, ila ana mkia na anafanana na mjusi. Watoto wake wana matamvua yaliyotokeza nje kama manyoya. Poa sana, lakini Kenya hakuna nyuti wa porini, na kuagiza wa nje ni kualika magonjwa. Uholanzi kuna ukungu uliotoka Asia, ukakaribia kuwamaliza salamanda wao.

Sisi tuna viluwiluwi, bana! Mvua ikinyesha, chota kumi kwa dimbwi, watie kwa beseni. Nasema wa chura, si wa mbu, ingawa jina ni lile lile. Na tumia maji ya dimbwi. Mtungi wa lita 20 unaletwa na punda na unalipiwa; hooyo akikufukuza kwa kumwagia vyura maji ya kunywa, usinipigie simu.

Weka kivulini, wape sukuma iliyochemshwa kidogo. Miguu ya nyuma itatangulia (nyuti huanza na ya mbele). Kinachonimaliza ni hiki: dimbwi likianza kukauka, viluwiluwi wengi huharakisha kuwa vyura, hata kama watatoka wadogo. Miguu yote ikitoka, weka jiwe wapandie, la sivyo watakufa maji. Halafu warudishe dimbwi lile lile.

Na nyinyi wa "ameacha chuo anafuga vyura", karibuni muone. Mje na mtungi wenu.